Andikeni Hata Vifo: Kumbukumbu za Wanyama na Utafiti wa Miaka Mingi

Hotuba kwa wanafunzi wa wanyamapori, madaktari wa wanyama na watunza wanyama

Wakuu wa vituo, walimu wangu, madaktari, wanafunzi, na hasa ninyi watunza wanyama mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, nawasalimu na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna kumbukumbu za wanyama wanaofugwa katika bustani zinavyotumika katika utafiti wa uhifadhi. Najua wapo wanaodhani hiyo ni mada ya ofisini, mada ya watu wa kompyuta. Mimi naileta kwenu ninyi wa mabandani. Kila takwimu nitakayoitaja leo ilianza kwa mtu aliyemaliza kufagia, akaosha mikono, akaandika alichokiona.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nianze na mali yetu wenyewe.

Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, watafiti waliokuwa wakikagua mazingira ya mradi wa umeme walimkuta chura ambaye sayansi ilikuwa haijapata kumtambua. Ni mdogo mno; jike mzima hafikii hata sentimita tatu. Ana rangi ya manjano, na hatagi mayai majini kama vyura wengi tunaowajua, bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa vipande vichache vya ardhi vyenye jumla ya takriban hekta mbili, vilivyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Nje ya hapo hayupo. Mitambo ilipoanza kufanya kazi, karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakishuka korongoni yalichepushwa, na manyunyu yakakauka.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wawe akiba. Huku nyumbani mabomba yalifungwa ya kunyunyiza maji korongoni, na kwa muda vyura wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla, na katika mizoga ukapatikana ule ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoua vyura katika mabara mengi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Wengi wenu mnaijua hadithi hii kwa ncha zake mbili: waliondoka kwa ndege, wakarudi kwa ndege. Mimi nataka tukae kidogo na miaka kumi ya katikati. Wale 499 hawakufika wakastawi. Walikufa kwa mamia. Kulikuwa na minyoo ya mapafu, kulikuwa na matatizo ya lishe, na hakuna aliyejua wanahitaji mwanga wa namna gani wala kiasi gani, kwa kuwa hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kuwafuga. Waligawiwa kwa bustani kadhaa, na kufikia mwaka 2004 walikuwa wamebaki wasiofika 70. Spishi nzima ilikuwa imebaki na idadi ndogo kuliko watu waliomo ukumbini humu.

Jiwekeni mahali pa mtunza aliyekuwa zamu wakati huo. Asubuhi unafungua tangi, unakuta watatu wamekufa. Tatizo ni maji? Ni taa? Ni wadudu unaowalisha? Ni minyoo waliyotoka nayo Kihansi? Kwa macho huwezi kujua. Utajua ikiwa umeandika nani alikufa lini, tangi gani, alikuwa chini ya taa ya aina gani, alikula nini, na daktari aliona nini alipompasua. Na utajua mapema zaidi ikiwa mwenzako wa mji mwingine ameandika vivyo hivyo na mkaweka maandishi yenu pamoja. Bustani ya Bronx na ile ya Toledo, Ohio, ndizo zilizofanikiwa kuwanusuru. Vyura wakarudi kuwa maelfu. Mwezi Agosti 2010 vyura 100 waliletwa Dar es Salaam, katika kituo kilichojengwa Chuo Kikuu, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Niseme hapa jambo ambalo wanafunzi huniuliza: chura wa sentimita mbili unamwandikaje mmojammoja? Humwandiki hivyo. Unaandika kundi: wameingia wangapi, wamezaliwa wangapi, wamekufa wangapi, wametolewa wangapi. Mfumo wa kumbukumbu unaruhusu kundi kuwa na rekodi yake. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba samaki wake au vyura wake hawaandikiki.

Sasa, kumbukumbu ya mnyama ni nini hasa? Ni utambulisho wake: namba, alama, chipu chini ya ngozi. Ni tarehe na mahali alipozaliwa, mama yake, baba yake. Ni jinsia. Ni kila alikohamia. Ni uzito wake, dawa alizopewa, majibu ya damu, watoto aliozaa. Na ni tarehe aliyokufa pamoja na sababu. Hakuna maajabu hapo. Maajabu huanza pale rekodi za wanyama elfu kumi zinapokuwa na safu zilezile, zimejazwa kwa maana ileile, na zinakaa mahali pamoja.

Wazo hilo lina umri mkubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nyati wa Ulaya aliyekuwa akiishi misituni Poland na Kaukazi aliangamizwa porini. Waliobaki walikuwa katika bustani na mashamba ya watu, zaidi kidogo ya hamsini. Wahifadhi wakaungana, wakawatafuta mmojammoja, wakaandika ukoo wa kila mmoja, na mwaka 1932 wakachapisha kitabu cha nasaba, cha kwanza cha aina yake kwa mnyama wa porini. Kwa kitabu hicho tunajua leo kwamba nyati wote wa Ulaya walio hai ni uzao wa wanyama kumi na wawili tu. Maelfu wanaozurura sasa katika misitu ya Poland, Belarusi na kwingineko wametokana na hesabu ya kwenye karatasi.

Karatasi ilikuwa na udhaifu wake. Mnyama akihamishwa mara tatu, rekodi ya bibi yake ilipotea njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Minnesota, Ulysses Seal, pamoja na mwenzake Dale Makey, walianzisha mfumo wa pamoja ambapo bustani nyingi zingeandika wanyama wao kwa kompyuta katika hazina moja. Uliitwa ISIS, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya mfumo wa kimataifa wa taarifa za spishi. Tangu mwaka 2016 shirika hilo linaitwa Species360, na programu yake inayotumika kwenye intaneti, ZIMS, ilianza mwaka 2010. Wanachama ni zaidi ya taasisi elfu moja katika nchi takriban mia moja, na wanyama walioandikwa humo, walio hai na waliokufa, wanahesabiwa kwa mamilioni.

Kwa nini pamoja? Kwa sababu bustani yenye bongo watatu, yule swala mkubwa wa misituni, haiwezi kujua lolote la uhakika kuhusu maisha ya bongo. Anaishi miaka mingapi? Jike huanza kuzaa akiwa na umri gani, na huacha lini? Ndama wangapi hufa mwaka wa kwanza? Watatu hawajibu maswali hayo. Mia tatu waliotawanyika katika bustani mia moja wanajibu, ikiwa tu wameandikwa kwa namna moja.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, hasa vijana. Anayeandika kumbukumbu hajui swali ambalo itakuja kulijibu.

Katika miaka ya 1970 bustani nyingi zilikuwa zikizalisha wanyama ndugu kwa ndugu. Swala dume mmoja aliachiwa binti zake na wajukuu zake, na wakuu wengi waliamini hakuna ubaya. Katika bustani ya wanyama ya taifa kule Washington, Katherine Ralls na wenzake, Kristin Brugger na Jonathan Ballou, waliyafungua mafaili ya zamani ya wanyama wenye kwato. Mafaili yale hayakuandikwa kwa ajili ya utafiti wao. Yaliandikwa na watunza kwa ajili ya kazi ya kila siku: huyu kazaliwa leo, mama fulani, baba fulani, kafa siku ya tatu. Walichofanya ni kuwatenga watoto waliozaliwa na ndugu, wakawalinganisha na wale ambao wazazi wao hawakuwa na undugu. Katika spishi 16, spishi 15 zilionyesha kwamba watoto wa ndugu kwa ndugu walikufa wachanga kwa wingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979, na tangu hapo uendeshaji wa wanyama katika bustani haukuwa ule wa zamani.

Fikirini: lau mtunza mmojawapo wa miaka ile angesema, "Ndama aliyeishi siku tatu wa nini kumwandika, hata jina hajapewa," jibu lile lisingepatikana. Vifo vya wale wachanga wasio na majina ndivyo vilivyofundisha dunia nzima.

Naja sasa kwenye jambo gumu, nalo ni la tembo. Mwaka 2008 ilichapishwa tafiti iliyotumia kumbukumbu za tembo wa bustani za Ulaya, zaidi ya tembo 4,500 wa Afrika na Asia. Kwa upande wa Afrika, waliwalinganisha na tembo wa Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss na timu yake wamekuwa wakiwafuata tembo mmojammoja tangu mwaka 1972, kwa jina, kwa umbo la sikio, kwa mama na bibi. Majike wa Afrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya walikuwa na umri wa kati wa kuishi wa miaka 16.9, yaani nusu yao walikufa kabla ya kufika hapo. Wale wa Amboseli waliokufa kifo cha asili: miaka 56. Hata ukiwaingiza tembo wa Amboseli waliouawa na watu, bado ni karibu miaka 36.

Mjadala ulikuwa mkali, na wapo waliosema bustani zilijitia kitanzi kwa kutoa kumbukumbu zao. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tembo waliokuwa wakifa mapema walikuwa wanakufa, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Tofauti ni kwamba baada ya hapo hakuna mkuu wa bustani aliyeweza kusimama na kusema tembo wake wanaishi vizuri kwa sababu yeye anaona hivyo. Unene wa tembo, sakafu za saruji, ndama kutenganishwa na mama zao: mambo haya yakawa ya kujibiwa kwa ushahidi. Taasisi inayotoa hata habari inayoiumiza ndiyo ninayoiamini itakaponiletea habari njema.

Na oneni pia kilichowezesha ulinganisho ule. Upande mmoja ni kumbukumbu za bustani, upande wa pili ni kumbukumbu za pori la Afrika Mashariki. Amboseli tangu 1972. Gombe, kule Kigoma, sokwe wameandikwa tangu 1960, na kazi ya kila siku ya kuwafuata msituni imefanywa kwa miongo na Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo kumwandika mnyama mmojammoja kwa miaka hamsini si jambo la kigeni kwetu. Tumelifanya kwa uvumilivu ambao nchi nyingi tajiri hazikuwa nao. Tulichochelewa ni kuyaunganisha maandishi hayo na ya wengine.

Pengo bado ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Dalia Conde ilikusanya kila kinachojulikana kuhusu uzazi na vifo vya mamalia, ndege, reptilia na amfibia, spishi zaidi ya 32,000. Zenye taarifa kamili za uzazi na vifo hazikuzidi asilimia 1.3. Walipoongeza kumbukumbu za ZIMS, maarifa hayo yalipanda mara nane. Tafiti kwa miaka mingi tunazisifia kwa darubini, setilaiti na vipimo vya vinasaba, lakini mtaalamu anayetaka kukadiria kama spishi itadumu miaka mia ijayo anahitaji kwanza kujua jike huzaa mara ngapi na hufa lini. Mara nyingi jibu liko kwenye daftari la bandani au haliko popote.

Maswali mengine yaliyojibiwa kwa hazina hii yangewashangaza watunza walioijaza. Mwaka 2022 watafiti walitumia rekodi za mamalia 110,148 wa spishi 191 kuchunguza nani hufa kwa saratani. Wakaona wanyama walao nyama ndio wamo hatarini zaidi, na kwamba ukubwa wa mwili haumwongezei mnyama hatari kama mtu angetarajia. Mwaka huohuo wengine wakatazama kobe na kasa wa spishi 52 katika bustani, wakakuta takriban robo tatu ya spishi hizo huzeeka polepole mno au haziashirii kuzeeka kabisa. Hakuna mtafiti mmoja anayeweza kuishi muda wa kutosha kumfuata kobe hadi mwisho wake. Kumbukumbu zinazopokezanwa kutoka mtunza hadi mtunza zinaweza.

Kwa wanaouliza yote haya yanamsaidiaje mnyama aliye porini kwetu, nawapeleka Akagera, Rwanda. Mwezi Juni 2019 faru weusi watano waliwasili huko kutoka Ulaya: watatu kutoka Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki, mmoja kutoka Uingereza, mmoja kutoka Denmark. Wote walizaliwa Ulaya, lakini ukoo wao ni wa faru wa Afrika Mashariki. Hawakuchaguliwa kwa ukubwa wala kwa upole. Katika mpango wa pamoja wa uzazi kila mnyama hupigiwa hesabu ya wastani wa undugu wake na wenzake wote walio hai. Mwenye ndugu tele ana wastani mkubwa; asiye na ndugu ana wastani mdogo, na vinasaba vyake ni adimu, hivyo huyo ndiye hupewa nafasi ya kwanza ya kuzaa. Ukijua wastani wa kila mmoja unaweza kusema nani aende Afrika na nani abaki, bila kudhoofisha kundi la huku wala la kule. Ukikosea baba mmoja tu kwenye rekodi, kosa hilo linarithiwa na watoto na wajukuu wote, na hesabu nzima inapinda.

Bongo wa milimani Kenya ni hivyohivyo. Porini wamebaki chini ya mia moja. Walioko katika bustani za Ulaya na Marekani ni uzao wa wale waliokamatwa zamani, wengi wao Aberdare, na ukoo wao umeandikwa. Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa Nanyuki kutoka Marekani, na mwezi Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida. Wajukuu wa milima ile wanarudi kwa sababu kuna mtu aliandika bibi zao walikuwa nani.

Basi tufanye nini sisi? Nitasema wazi.

Tusingoje uanachama ndipo tuanze kuandika. Uanachama una ada, na vituo vyetu vingi ni vidogo. Lakini daftari la karatasi lenye safu sahihi, lililojazwa kila siku, linaweza kuingizwa kwenye mfumo baada ya miaka kumi. Siku ambazo hazikuandikwa haziingizwi kamwe. Vituo vya kulelea wanyama yatima, vituo vya sokwe, mabanda ya vyuo, viungane na kukubaliana safu ni zipi. Usipomjua baba, andika hajulikani, usikisie. Sababu ya kifo isipothibitishwa, andika haijathibitishwa.

Tusiogope kifo kwenye daftari. Nimeona vituo ambako mtunza huulizwa "kwa nini umemwandika?" kabla hajaulizwa "amekufa na nini?" Mkuu wa kituo anayefanya hivyo anawafundisha watu wake kuficha, na mnyama wa pili atakufa kwa ugonjwa uleule.

Kushirikishana hakumaanishi kutangaza kila kitu hadharani. Mahali alipo faru hapauhusu umma. Mfumo mzuri una milango: taasisi zinaona taarifa za kuhudumia wanyama, mtafiti huomba kwa maandishi na kueleza anataka nini. Tuidai milango hiyo, kisha tuitumie.

Na tudai haki yetu. Chura wa Kihansi, bongo, faru mweusi wa mashariki: hawa ni wa kwetu, na sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu maisha yao chini ya uangalizi wa binadamu imehifadhiwa mbali na hapa. Sina kinyongo na waliohifadhi. Wasingehifadhi, chura yule asingekuwapo. Ila nataka nione mwanafunzi wa vyuo vyetu vya Morogoro au Mweka akiomba rekodi za miaka ishirini ya chura wetu, azichambue mwenyewe, na jina lake liwe la kwanza kwenye andiko. Wakuu mnaotia saini mikataba ya kurudisha wanyama, ingizeni kifungu: mnyama akirudi, arudi na kumbukumbu zake zote, hadi mababu, na watafiti wetu wawe na ruhusa ya kuzitumia.

Mchana huu tumepewa chumba cha pili upande wa maktaba. Wale mliokuja na madaftari yenu, kama barua ya mwaliko ilivyoomba, tutakaa kituo kwa kituo, tulinganishe safu tulizo nazo, tukubaliane namna moja ya kuandika tarehe, jinsia, wazazi na sababu ya kifo. Ambao hamkuja nayo, chukueni karatasi mezani mwandike mnayoyakumbuka kuhusu wanyama wenu, mkianza na walio wazee zaidi.

Asanteni sana.